Maua ni Nani?

Wapenzi wasomaji, kila mwezi nakaa kwenye ukurasa huu kuwaambia msifichane mambo ndani ya nyumba. Mwambie mwenzio mshahara wako, mwambie na madeni yako, na kama huna cha kuficha basi simu haina haja ya kulala chini ya mto. Wengi mmeniandikia kunishukuru. Mwezi huu imebidi nijianike mwenyewe, maana mke wangu amesema nisipoandika mimi ataandika yeye, na akiandika yeye hatabakiza kitu.

Mambo yalianzia mezani, nyumbani kwetu Chang'ombe, usiku mmoja wa Juni mwaka jana. Natoka kuoga, nimejifunga taulo, namkuta mama watoto amekaa, chai imepoa mbele yake, simu yangu iko katikati ya meza kama kidhibiti mahakamani. Hakupayuka. Mngemjua mke wangu mngejua kwamba akipayuka ndiyo nafuu.

"Baba watoto," akasema, "Maua ni nani?"

Meseji ilikuwa wazi. Imetoka kwa Maua, saa mbili na nusu usiku: "Bosi mweupe tayari. Mzuri balaa. Uje na ile 40 kesho, kuna mzee mwingine keshatia neno." Ukipandisha juu unakuta nyingine ya mwezi uliopita: "Nimepokea 35, Mungu akuzidishie bosi wangu. Vipi mwekundu anaendeleaje?"

Jamani, hebu zisomeni meseji hizo kwa macho ya mwanamke aliyeolewa miaka saba.

Nikajibu. "Maua ni maua," nikasema. Sijawahi kusema ukweli mtupu ukafanana na uongo kiasi kile.

Siri nyuma ya simtanki

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Mimi sinywi, sibeti, na mpira naangalia nyumbani. Kwa hiyo nilijiona mtakatifu, na mtu akijiona mtakatifu ndipo shetani anapopata pa kukaa. Siku moja nimekwama kwenye foleni barabara ya Bagamoyo, nikaona kwa wauza miche wa pembezoni bogenvilia ya rangi ya machungwa. Elfu tano. Nikaiweka siti ya nyuma. Mke wangu akaipenda. Ingeishia pale ningekuwa sina cha kuandika mwezi huu.

Lakini bogenvilia ina tabia moja mbaya: haiko ya aina moja. Kuna mtu anakusanya viatu, mwingine jezi. Kule Japani watu wanakusanya momiji, ile miti ya majani mekundu yenye mamia ya aina, na mtu anaweza kutumia maisha yake yote kutafuta jani lenye wekundu ambao hana. Huku kwetu joto lingeiua momiji kabla hujamaliza kulipia mzigo bandarini. Bogenvilia ndiyo momiji yetu, tena haihitaji baridi. Inataka jua tu, na jua Dar es Salaam halina mgawo.

Nikaanza kusoma usiku kwenye simu. Nikajifunza kwamba ile nyekundu ya damu ya mzee inaitwa Mrs Butt, kwa jina la mama mmoja aliyeitoa Colombia akaipeleka Trinidad mwaka 1910. Nikajifunza kuna Mary Palmer, ambayo shina moja linatoa nyeupe na waridi kwa pamoja, na wakati mwingine rangi zote mbili kwenye kichala kimoja. Kuna Mahara, iliyojaa kama ua waridi, inanyauka bila kudondoka. Na kuna Thimma, ambayo ni kama Mary Palmer kwa rangi za maua, ila na majani yake nayo yamechanganya kijani na njano, kwa hiyo hata isipochanua bado ni pambo.

Kinachomaliza mtu ni kwamba aina mpya huwa inajitokeza yenyewe. Mti uko pale miaka yote unatoa rangi moja, ghafla tawi moja linaamua kutoa rangi nyingine. Ukikata kijiti kwenye tawi hilo ukakipanda, unaweza kupata mti mzima wa rangi mpya. Thimma ilitokea hivyo, ni tawi lililojibadilisha kwenye Mary Palmer. Mtu akishajua hilo hapiti tena mbele ya ukuta wa jirani bila kukodoa macho.

Kwa hiyo nikanunua. Na kila niliponunua nikasema "elfu tano." Mche wa elfu thelathini, elfu tano. Wa arobaini, elfu tano. Mwingine nikasema nimepewa bure na jamaa wa ofisini. Ilipofika ya nane nikaona hata hiyo elfu tano itahojiwa, nikaanza kuyapitisha makopo kwa mlango wa nyuma. Uani kwetu kuna mwembe mkubwa, kuna simtanki, na kati ya simtanki na ukuta kuna kichochoro ambacho hakuna mtu anaenda. Nikayapanga humo. Usiku watu wakilala natoka na keni namwagilia taratibu, na mara mojamoja nawawekea mbolea ya kuku ya kutosha, kama mtu anayelea watoto wa nje.

Na yule mzee anayeniuzia, kwenye simu nilimwandika "Maua." Akili yangu ilikuwa likizo siku hiyo.

Maua yasiyo na maua

Tukatoka uani, mimi na taulo langu, yeye na tochi ya simu. Akamulika kopo la kwanza. La pili. La kumi. Makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, jumla ishirini na tatu. Majani ya kijani yamenona, yamerefuka mpaka yanapanda ukuta. Ua hakuna hata moja.

"Maua gani haya yasiyo na maua?" akauliza.

Nikaanza kueleza, nikaona namna ninavyozama. Akapiga ile namba, akaweka sauti ya juu.

"Bosi wangu!" mzee akaitika kwa furaha.

"Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa hapa nyumbani kwa bosi wako. Samahani kwa usiku. Huyo mweupe ni nani?"

"Marahaba mwanangu. Bogenvilia hiyo. Imechanua mpaka basi. Bei yake ni hamsini, ila bosi ni mteja wangu, zile nyingine zote alichukua kwa thelathini na tano, thelathini na tano, sasa na hii..."

Mke wangu akakaa juu ya dumu la maji akacheka. Alicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka, nikajua yamekwisha. Halafu akanyamaza ghafla.

"Thelathini na tano? Si uliniambia tano?"

Wapenzi wasomaji, kuna kicheko kikikatika unatamani kingebaki. Tulirudi mezani tukapiga hesabu kwenye daftari la mtoto. Ilikuja laki sita na elfu themanini, bila mbolea wala maji. Tuna kiwanja Chanika. Pesa hiyo ni tofali za inchi sita kama mia tano hivi. Na sisi tulikuwa tumekubaliana kila shilingi inayobaki iende kwenye msingi.

Hakuniambia mimi ni mwongo. Aliniambia maneno haya: "Mimi niliahirisha masomo ya jioni mwaka mzima ili huo msingi uishe kabla ya mvua za vuli. Nilikupa barua ya chuo ukaisoma, ukasema asante mke wangu. Siku ile ulikuwa na makopo mangapi?"

Nilikuwa na kumi na nne. Nakumbuka kwa sababu siku ileile nilileta la kumi na tano.

"Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia," akasema. "Sasa nimwonee wivu mti?"

Akaenda kulala na watoto.

Mama wa kwenye meli

Siku nne tuliongea ya watoto na ya gesi tu. Siku ya tano, kwa kutafuta pa kushika, nikamsimulia habari niliyoisoma kuhusu hao hao bogenvilia. Jina hilo linatokana na Louis Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyezunguka dunia kwa meli kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea kwenye safari hiyo aliitwa Philibert Commerson. Sheria ya jeshi la majini la Ufaransa ilikataza mwanamke kusafiri melini. Commerson akapanda na msaidizi wake, kijana mchapakazi, anabeba mizigo ya mimea milimani bila kulalamika. Kijana huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, na alikuwa mpenzi wake. Mwaka 1767 walifika Rio de Janeiro, huko Brazil, ndipo mmea huu ukachukuliwa. Commerson alikuwa na kidonda cha mguu, kwa hiyo wapo wanahistoria wanaoamini mkono uliouchuma ulikuwa wa yule mama. Siri ikafichuka wakiwa safarini. Wote wawili wakashukia Mauritius, kwenye bahari yetu hii ya Hindi, na Commerson akafia huko mwaka 1773. Baret akaja kurudi Ufaransa akiwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mmea ulipewa jina la nahodha. Yeye alisubiri mpaka 2012 ndipo wataalamu wakaupa mmea mwingine jina lake.

Nilidhani nimesimulia vizuri. Mke wangu akaniangalia.

"Huyo mama alijificha apate kufanya kazi," akasema. "Wewe umejificha upate makopo."

Halafu akanipa masharti manne. La kwanza, makopo yote yatoke kichochoroni yaje mbele ya nyumba, pale juani, kila mtu ayaone. La pili, nichukue kalamu ya wino mzito niandike kwenye kila kopo bei yake ya kweli, ili kila nikitoka na kila nikirudi niisome. La tatu, hakuna mche mpya mpaka laki sita na themanini irudi. La nne, maji ya nyumba hii ni ya watu kwanza: maua yatamwagiliwa Jumatano na Jumapili, basi.

Kuyahamisha peke yake ilikuwa adhabu. Bogenvilia ina miiba, na mizizi yake ni dhaifu kuliko inavyoonekana, ukivuta vibaya udongo unamwagika na mti unakufa. Pale ndipo nilipogundua na jambo lingine. Ile Mary Palmer yangu ya elfu arobaini, niliyoinunua kwa muuzaji mwingine kabisa, ilikuwa na mashina mawili. Moja la nyeupe, moja la waridi, yamepandwa kopo moja yakafungwa pamoja kwa kamba. Mary Palmer ya kweli ni shina moja. Wakati mimi namdanganya mke wangu, kuna mtu alikuwa ananidanganya mimi, tena kwa bei kubwa zaidi. Mke wangu alicheka kidogo. Kicheko cha kwanza kwa wiki mbili, nikaona siyo hasara yote.

Juani

Sasa sikilizeni. Sharti la maji aliliweka kwa sababu ya bili, na la kutoa mbele aliliweka kwa sababu ya aibu. Hakujua chochote kuhusu bogenvilia. Lakini kama angeenda kwa bwana shamba, asingepata ushauri mzuri kuliko huo.

Bogenvilia inataka jua la kuipiga moja kwa moja, saa tano sita kwa siku na zaidi. Kivulini inaishi, inanenepa, inarefuka kutafuta mwanga, lakini haichanui. Maji yakiwa mengi kila siku inaona maisha ni mazuri, haina haraka, inatoa majani tu. Ukiiacha ikauke kidogo kati ya maji na maji, inashtuka na kuanza kuchanua. Na mbolea ya kuku, ambayo nilikuwa naimwaga kwa upendo, ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ni chakula cha majani. Mimi mwenyewe kwa mikono yangu ndiye niliyekuwa nazuia kile nilichokuwa nakisubiri.

Juni mpaka Septemba hapa kwetu ni kiangazi, mvua chache, jua safi. Mwanzoni zile zilizozoea kivuli ziliangusha majani, mke wangu akaniuliza kama tumeziua. Nikazipunguza matawi, maana bogenvilia inachanua kwenye matawi mapya. Katikati ya Agosti natoka asubuhi kwenda kazini, namkuta mama watoto amesimama mlangoni na ufagio, hafagii. Mrs Butt imewaka. Pembeni ile ya machungwa, ile ya kwanza ya elfu tano ya kweli, nayo imewaka.

"Kumbe kweli ni maua," akasema.

Nikamwonyesha kwamba siyo. Kile chenye rangi ni jani, kawaida huwa matatu, yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kamrija keupe kembamba katikati, ukitazama haraka hukaoni. Akakaangalia muda mrefu, hakusema kitu, akaendelea kufagia.

Bei zilizokuwa wazi

Sisi tunakaa njia ya kuelekea Uwanja wa Benjamin Mkapa, ule wa watu elfu sitini uliofunguliwa 2007. Siku ya mechi mtaa mzima ni mto wa watu. Jumamosi moja Simba wanacheza, nimekaa kibarazani, kijana wa jezi nyekundu akasimama.

"Braza, huu mwekundu wa thelathini na tano hampunguzi?"

Sikumwelewa. Akanyoosha kidole kwenye kopo. Bei! Ile adhabu yangu, niliyoiandika kwa wino mzito niione kila siku, watu wameisoma kama duka. Kabla sijafungua mdomo, mke wangu alishatoka ndani. "Hauna punguzo," akamwambia, "ila ukitaka na mweupe wake nitakufanyia sabini kamili yote miwili, uwe na rangi za timu." Wiki iliyofuata wakapita Yanga, akawauzia ya njano, akawaambia kijani kipo kwenye majani.

Mwezi wa tisa akaniamuru nianze kukata vijiti. Nakata tawi lililokomaa, nene kama penseli, urefu wa kiganja, natoa majani, nachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, hapo kivulini sasa ndipo mahali pake. Wiki sita mpaka nane vinatoa mizizi, vingine vinakufa. Mrs Butt inashika kirahisi. Thimma na Mahara zinasumbua, hizo bora ubebeshe juu ya shina la aina ngumu, kama wanavyobebesha maembe. Na wewe ukienda kununua, nunua mche ukiwa umechanua, uone rangi kwa macho, halafu inama uhesabu mashina. Usione aibu kuinama.

Mpaka naandika haya zimerudi laki mbili na elfu tisini. Zilizobaki nalipa kidogo kidogo. Gari linalala Jumatatu mpaka Alhamisi, napanda daladala. Pesa ya kwanza iliyopatikana haikwenda kwenye tofali. Ilikwenda kwenye ada ya masomo yake ya jioni. Aliamua yeye, na mimi sikutia neno. Msingi utasubiri vuli nyingine.

Sitawadanganya kwamba yamekwisha. Juzi nimerudi na mfuko wa matunda akauliza bei, halafu akauliza tena. Nikamwonyesha risiti. Miaka saba nilikuwa siulizwi mara mbili, na hiyo nilikuwa siihesabu kama mali mpaka nilipoipoteza. Kwa hiyo wewe unayesoma, ambaye una kitu nyuma ya simtanki lako, iwe ni viatu, iwe ni mkopo, iwe ni pesa unazomtumia mdogo wako: kitoe mbele mwenyewe, kabla ya tochi. Utagombezwa, hilo halina ujanja. Lakini utagombezwa kwa kitu kimoja badala ya viwili.

Yule mzee nimembadilisha jina kwenye simu, sasa anaitwa "Mzee wa Miche Bagamoyo Road," na mke wangu naye anayo namba yake. Ile Thimma ilichanua Novemba, nyeupe na waridi juu ya majani ya njano na kijani. Jamaa wa ofisini alikuja na elfu hamsini mkononi. Nikatoka kumwonyesha, nikakuta ile bei kwenye kopo imefutwa, na chini yake kuna neno moja kwa mwandiko wa mama watoto: HAUUZWI.

Tuonane mwezi ujao.